Saikloni ya mashine ya unga, kazi ya vumbi la mbao

Seremala mwenzangu anayefungua karakana nyumbani akiniuliza anunue mashine gani baada ya msumeno wa meza, namjibu bila kusita: ya kuvuta vumbi. Itangulie randa ya umeme, itangulie ruta (mashine ya kuchonga kingo na mifereji ya mbao), itangulie hata benchi zuri. Tangu nifunge ya kwangu hapa Goba, Dar es Salaam, watu wengi wameniomba niwaeleze imekaaje, na kwa simu mtu huelewi, kwa hiyo naandika yote hapa.

Tuanze na vumbi lenyewe. Ukipasua mbao vinatoka vitu viwili. Kuna maranda na chenga, nzito, zinazoanguka miguuni. Hizo unafagia jioni na kutia kwenye kiroba. Halafu kuna unga mwembamba mno ambao jicho haliuoni mpaka mwale wa jua upenye dirishani. Unywele wa binadamu una unene wa kama mikroni 70, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unga huo una chembe za mikroni 10, 5, hata 1. Katika hewa iliyotulia, chembe ya mikroni 10 inashuka kama milimita 3 kwa sekunde. Ya mikroni 1 inaweza kuchukua zaidi ya saa 10 kutoka usawa wa pua hadi sakafuni. Kwa hiyo ukizima msumeno saa 11 jioni, ukafagia na kufunga mlango, vumbi linalodhuru bado liko hewani. Mtoto anayetumwa usiku kuchukua bisibisi analivuta. Na ufagio wenyewe ndio unaolirusha upya.

Chembe kubwa hunaswa na pua na koo. Ndogo hupita mpaka ndani kabisa ya mapafu. Hata hizo zinazonaswa puani hazikai bure. Mwaka 1968 madaktari wa Uingereza walichapisha utafiti kuhusu mafundi samani wa High Wycombe na maeneo ya jirani, eneo lililoishi kwa kutengeneza viti: saratani ya ndani ya pua, ambayo ni adimu sana kwa watu wengine, ilikuwa ikiwapata mafundi hao kupita kiasi. Mmoja wao, Esther Hadfield, alikuwa daktari wa masikio, pua na koo huko huko, na wagonjwa wale walipita mikononi mwake. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichapisha uamuzi wake wa kuliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu. Humo humo wamo asbesto na moshi wa sigara. Nchi za Umoja wa Ulaya sasa zimeweka kikomo cha miligramu 2 za vumbi la mbao ngumu kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8 za kazi. Nilipiga hesabu ya chumba changu: mita 4 kwa 6, kimo mita 3, jumla mita za ujazo 72. Kikomo hicho ni miligramu 144 zikiwa zimesambaa chumba kizima. Ni unga unaoweza kuubana kwa ncha za vidole viwili.

Na mbao zetu hazina upole. Mninga tunaupenda wote, rangi yake, harufu yake, unavyokubali randa. Vumbi lake huwasha pua na vifua, na wako mafundi linalowaletea pumu. Mvule huwasha ngozi na macho. Mkongo unakupigisha chafya ubao wa kwanza haujaisha. Mpingo huwatoa watu vipele mikononi na shingoni. MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, ambayo siku hizi ndiyo makabati ya jikoni nusu ya mji, imeshikwa na gundi yenye fomaldehaidi, na unga wake ni mwembamba kuliko wa mbao yoyote ninayoijua. Mzee aliyenifundisha kazi hii Keko, mtaa wa mafundi samani, ametengeneza samani maisha yake yote. Leo hasikii harufu. Ukimpa kipande cha mninga kilichotoka kukatwa anakigeuza mkononi, anakisifia nyuzi, lakini pua yake haipati kitu. Nina vijana wawili wanaojifunza kwangu, wana pua nzima na vifua vizima, na nataka waondoke hivyo hivyo.

Keko wengi hufanyia kazi uwazini au chini ya bati lisilo na kuta, na upepo unasaidia sana. Nyumbani huna upepo huo. Una kuta, una kamba ya nguo ya jirani, una dirisha la jikoni mita chache kutoka kwenye msumeno. Vumbi lisipokuwa na njia yake, litapita njia ya watu.

Nilipoanza kutafuta mfumo, nilikuta kwanza video za Wamarekani wenye karakana za ndoto na mitambo ya kuagiza kwa meli. Nikazitazama sana, nikajifunza mengi, ila bei haikuwa yangu. Jibu nililipata mtaani. Kwenye mashine ya kusaga nilipopeleka mahindi niliinua macho nikaona lile pia la bati, chombo chenye umbo la koni kinachoitwa saikloni, juu ya kinu, na mfuko mrefu wa kitambaa ukipumua pembeni yake. Nilikuwa nimeliona tangu utotoni.

"Shikamoo mama. Naomba nipande nitazame hapo juu."

"Marahaba. Mpaka umeme uzimwe, mwanangu. Kuna nini huko juu?"

Alipozima nikapanda. Kilichokuwepo ndicho nilichokuwa nakitafuta kwa Kiingereza wiki nzima. Feni ya kinu inapuliza unga pamoja na hewa kwenye bomba, bomba linaingia kwenye saikloni kwa ubavu, likiambaa na ukuta wa ndani. Hewa inalazimika kuzunguka. Unga, kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, unasukumwa ukutani, unateremka kwenye pia mpaka kwenye gunia. Hewa inageuka chini, inapanda kwa katikati na kutokea juu, na ule unga mwepesi uliobaki nayo unanaswa na mfuko wa kitambaa. Mfumo wa kukusanya vumbi la mbao ni huo huo. Kila kata ya nchi hii ina fundi anayejua kuutengeneza, na sisi maseremala tunapita mlangoni kwake na vifua vimebana.

Tofauti iko mahali pamoja na ni kubwa. Kwenye kinu feni iko kabla ya saikloni, inasukuma. Kwenye mbao feni inakaa baada ya saikloni, inavuta. Sababu ya kwanza ni usalama: kipande cha mbao au msumari vikipita ndani ya feni inayozunguka kasi vinaharibu mapanga, na chuma kwa chuma hutoa cheche mahali penye unga mkavu. Sababu ya pili ni kwamba mdomo wa kila mashine unahitaji mvuto. Lakini mfumo unaovuta una sharti ambalo kinu hakina. Kinu kikivuja, unga unatoka nje na unauona. Saikloni inayovutwa ikivuja, hewa ya nje inaingia kupitia upenyo huo, na upenyo ukiwa chini kwenye pipa, hewa hiyo inayanyanyua maranda yaliyokwisha kutua na kuyapeleka juu kwenye feni. Tundu la upana wa kidole kwenye mfuniko wa pipa linatosha kuiua saikloni nzuri kabisa. Pipa langu ni la chuma, lita 200, mfuniko una mpira wa kuzibia mzunguko mzima na kibano cha kukaza. Mapipa ya plastiki membamba yanabonyea. Mvuto wa feni yangu, mageti yote (vifungio vya bomba la kila mashine) yakiwa yamefungwa, unalingana na sentimita 20 za maji; kwa eneo la mfuniko wa pipa hiyo ni kama kilo 50 zimeukalia.

Mvuto huo niliupima kwa mpira ule mwembamba wa kuona ndani ambao mafundi ujenzi wanautumia kupata levo ya ukuta. Kunja uwe kama herufi U, tia maji yenye rangi kidogo, funga kwenye ubao, chomeka ncha moja kwenye bomba la mfumo na nyingine iache wazi. Tofauti ya kimo cha maji kati ya pande mbili ndiyo mvuto wako. Nimeuacha ukutani moja kwa moja. Maji yakipanda kupita kawaida wakati geti liko wazi, najua kuna kitu kimeziba kabla ya hapo. Sioni kifaa kingine cha bei hiyo kinachoeleza mengi kiasi hicho.

Saikloni alinitengenezea fundi vyuma anayetengeneza vinu. Nilimpelekea mchoro, akautazama, akasema, "Kaka, hii ni ya unga. Umebadilisha mdomo tu." Nikamwambia na inavutwa, kwa hiyo kila kiungo kizibwe mpaka hewa isipite. Silinda ina kipenyo cha sentimita 45 na kimo cha 50. Sehemu ya chini yenye umbo la pia inashuka sentimita 75. Bomba la katikati, linalotoa hewa juu, lina kipenyo cha kama nusu ya silinda, na lazima lishuke ndani kupita ukingo wa chini wa mdomo wa kuingilia. Likiwa fupi, vumbi linakata njia na kutoka na hewa kabla halijazunguka hata mara moja. Mdomo wa kuingilia ni wa pembe nne, mrefu kuliko upana wake, umegusa ukuta wa silinda bila kujitokeza ndani. Ndani aliusawazisha kwa grenda hadi mkono ukapita bila kukwama. Hapo ndipo pa kumsimamia fundi kwa subira, maana tone moja la kuchomelea lililosimama linayumbisha mzunguko wote.

Kama huna fundi wa bati karibu, kuna njia ya plaiwudi ambayo nimeisaidia kufunga kwa rafiki Morogoro na inafanya kazi. Mmarekani mmoja, Phil Thien, alibuni kibamba cha duara kinachokaa ndani ya kasha fupi la duara juu ya pipa. Pembezoni mwa kibamba unakata upenyo wa milimita 28 hivi kwa nyuzi 240 za duara, na sehemu iliyobaki, ile ambayo hewa inaingilia, unaiacha nzima. Vumbi linazunguka, linaangukia kwenye upenyo, hewa inatoka kwa juu katikati. Haichuji kama saikloni ndefu, lakini ni kazi ya jigso (msumeno mdogo wa umeme wa kukata mapindo) na alasiri moja.

Sasa feni, na hapa nawaomba msome polepole, kwa sababu video zile za Marekani zitawapotosha bila kukusudia. Umeme wao una mizunguko 60 kwa sekunde, wetu 50. Mota ya kawaida inayokwenda mizunguko 3,450 kwa dakika kwao, mwenzake kwetu anakwenda kama 2,850. Feni ile ile ikizungushwa polepole kwa kiwango hicho inatoa hewa asilimia 83 ya ile ya kwao, na mvuto unaporomoka hadi kama asilimia 68, kwa sababu mvuto unafuata kasi mara kasi. Anayeiga gurudumu la feni, lile lenye mapanga, la inchi 12 la kwenye video atalifunga hapa na kushangaa maranda yanalala njiani. Mimi nimeweka la inchi 14, sentimita 35, kwa mota ya hosipawa 2 ya mizunguko 2,850. Gurudumu kubwa kuliko hilo litaichosha mota hiyo. Lisawazishwe kabla ya kufungwa: liweke na shafti yake juu ya kingo mbili za chuma zilizolala levo, uone upande gani unarudi chini kila mara, upunguze hapo, mpaka likae popote unapoliacha. Ncha ya panga inakwenda zaidi ya mita 50 kwa sekunde. Nyumba ya feni iwe ya chuma kizito, na asiyeujua ufundi huo asiufanye peke yake.

Mota ndiyo iliyonigharimu kuliko kitu kingine chochote, na inastahili. Inavuta ampia 9 hadi 10 ikiwa imetulia, na mara kadhaa ya hizo inapoanza. Ina waya wake wenyewe kutoka kwenye bodi, milimita 4 za mraba, na breka yake, aina ya C. Msiichomeke kwenye ekstensheni pamoja na msumeno. Jioni umeme wa mtaani kwetu unaposhuka, mota za fezi moja zinapata shida kuanza na kapasita zinaumia, kwa hiyo kazi za mashine nazipanga asubuhi. Kwa saa moja ya kuvuta inakula kama uniti moja na nusu ya LUKU. Nawasha feni kwanza, nasubiri ishike kasi, ndipo msumeno. Kuzima ni kinyume chake, na feni inabaki inavuta kidogo baada ya msumeno kunyamaza.

Mabomba ni ya PVC ya maji taka. Bomba kuu inchi 6, matawi inchi 4. Watu wengi wanafunga inchi 4 kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa sababu ni rahisi kupatikana, na hapo ndipo mifumo mingi inapokufa. Ili maranda yasilale ndani ya bomba, hewa inapaswa kwenda kama mita 20 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo bomba la inchi 4 linapitisha mita za ujazo kama 570 kwa saa. La inchi 6 linapitisha kama 1,270, zaidi ya mara mbili. Msumeno wa meza unatoa vumbi juu na chini kwa pamoja. Hewa ya inchi 4 inachukua la chini tu, na la juu linakuja usoni kwako.

Ila bomba pana nalo lina dai lake. Ukifungua tawi moja la inchi 4 peke yake, hewa ikifika kwenye bomba kuu inapata nafasi kubwa, inapoteza kasi, na maranda yanatua. Kwa hiyo kwangu msumeno una matawi mawili yanayofunguka pamoja, moja chini ya meza na moja kwenye kava la juu ya jino. Mashine ya kuranda, ambayo inatema maranda kama haina mwisho, imepewa bomba la inchi 6 hadi mdomoni. Meza ya ruta ina inchi 4 nyuma ya fensi yake (ukuta mdogo wa kuongozea ubao), na nikiitumia nafungua geti la pili nusu ili bomba kuu liendelee kukimbia. Mageti nimetengeneza mwenyewe kwa plaiwudi na kibamba chembamba kinachoteleza katikati.

Kwenye kona msitumie elbo kali ya nyuzi 90. Tumieni mbili za 45 na kipande kifupi kati yake. Kwenye matawi tumieni wai (kiungo cha umbo la Y), siyo tii (cha umbo la T), na mkono wa wai uelekee hewa inakokwenda. Bomba la kukunjika, lile lenye mikunjo ndani, linakwamisha hewa mara kadhaa kuliko bomba laini la urefu huo huo. La kwangu halizidi nusu mita popote. Viungo sikuvigundisha. Nimevibana kwa tepu ya alumini na silikoni kidogo nje, ili siku kipande cha mbao kikikwama niweze kufungua. PVC inajaa umeme tuli unaokupiga ukigusa, basi nimezungusha waya mtupu wa shaba kwa nje kutoka mwanzo wa bomba hadi kwenye ethi ya nyumba (waya unaoingia ardhini).

Hewa inayotoka kwenye feni inakwenda wapi? Wenzetu wa nchi za baridi wanairudisha ndani kupitia vichujio vya gharama kubwa, kwa sababu wakiitoa nje wanatupa joto walilolilipia. Dar es Salaam hatuna joto la kuokoa. Yangu inatoka nje kabisa. Hii ni neema kubwa kwetu na sijaona ikisemwa: kipande cha mfumo kinachowatesa zaidi wao, sisi tunakikwepa kwa tundu la ukutani. Lakini jirani naye ana haki ya hewa yake. Saikloni inakamata karibu yote iliyo nzito, ule unga wa mwisho inauachia. Nimejenga kibanda kidogo cha bati nje ya ukuta, ndani yake inaning'inia mifuko mirefu ya kitambaa kizito cha poliesta kama sufi, iliyoshonwa na fundi cherehani wa hapa, jumla zaidi ya mita 6 za mraba. Eneo likiwa dogo hewa inalazimishwa kupita kwa nguvu na unga unapenya nayo. Naikung'uta kwa fimbo kutoka nje, barakoa usoni. Na kwa kuwa natoa zaidi ya mita elfu moja za ujazo za hewa kila saa, lazima nyingine iingie: dirisha la upande wa pili liko wazi muda wote feni inapozunguka. Anayetumia jenereta aliweke mbali na dirisha hilo, la sivyo mfumo utamvutia moshi wake ndani.

Mfumo huu haufai kwa sanda ya mkono, yaani mashine ya kupiga msasa. Nalisema kwa mkazo kwa sababu sanda ndiyo mashine inayotoa vumbi baya kuliko zote, na watu huunganisha mpira mwembamba kwenye bomba la inchi 4 wakidhani wamemaliza. Feni kubwa inasogeza hewa nyingi kwa mvuto mdogo. Haiwezi kuipitisha kwenye mpira wa milimita 35. Hapo inahitajika vakyumu, ambayo hewa yake ni kidogo lakini mvuto wake ni mara kumi. Yangu ina kichujio cha HEPA, kinachonasa unga mwembamba kabisa, na kati yake na sanda nimeweka saikloni ndogo ya plastiki juu ya ndoo ya rangi ya lita 20. Bila ndoo hiyo kichujio kinaziba mapema na vakyumu inabaki kupiga kelele tu. Na hata hivyo wakati wa msasa tunavaa barakoa nzito za N95, mimi na vijana wote. Barakoa nyepesi za hospitali zinaacha pengo mashavuni na unga unapita hapo.

Moto unataka neno lake. Januari na Aprili 2012 viwanda viwili vya mbao huko British Columbia, Kanada, kimoja karibu na Burns Lake na kingine Prince George, vililipuka kwa vumbi la mbao kavu lililokuwa limerundikana, na kila kimoja kiliua wafanyakazi wawili. Karakana ya nyumbani haifikii hapo kwa wingi, lakini unga unaolala juu ya kenchi ni unga ule ule. Kenchi zangu nazipitia kwa brashi ya vakyumu, sizipigi ufagio. Grenda ya chuma haifanyi kazi ndani ya chumba hiki, wala cheche yake haipewi nafasi ya kuvutwa na bomba. Mbao za zamani nazipitishia sumaku kutafuta misumari kabla hazijagusa jino.

Kujua kama mfumo wako unafanya kazi hakuhitaji kifaa. Subiri giza, pasua ubao mmoja wa MDF, zima taa, washa tochi kali na uielekeze kando ya uso wako. Kinachoelea kwenye mwale ndicho ulichokuwa unakivuta. Nilifanya hivyo geti likiwa limefungwa, nikafanya tena likiwa wazi, na vijana wangu walisimama pale wakitazama. Tangu hapo hakuna anayehitaji kukumbushwa kufungua geti.

Kilichobaki ni pipa likijaa. Maranda ya mashine ya kuranda wafugaji wa kuku wanayachukua yote, ni matandazo mazuri. Unga wa msumeno siwapi, ni mwembamba mno kwa vifua vya vifaranga, kwa hiyo nalitoa pipa kwanza kabla ya siku ya kuranda ili visichanganyike. Wa paina mtupu wanauchukua wenye majiko ya kushindilia. Mbao za dawa, zile zenye ukijani, mara nyingi dawa yake ina aseniki, ambayo ni sumu, ndani. Vumbi lake haliendi bandani wala jikoni. Hizo nazipasua siku yake peke yake, na kilichomo pipani nakifunga kwenye kiroba chenye rangi nyekundu mdomoni, ambacho vijana wanajua hakiguswi mpaka gari la taka lipite.